Maji ya Tumbo Langu

Asubuhi ya leo nimeinua sufuria kubwa ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kutoka jikoni na kuiweka mezani peke yangu. Wateja hawakuona ajabu yoyote, nao hawakuwa na sababu ya kuiona. Mimi niliiona, na ndiyo maana nimekaa kuandika. Najua kuna mwanamke mahali fulani, Kazimia au Misisi au huko juu Minembwe, ambaye tumbo lake linakua na hakuna anayejua kwa nini. Namwandikia yeye. Habari za udaktari wataeleza madaktari; mimi nitasema yaliyonipata.

Naitwa Mauwa. Watu wa Baraka huniita Mama Neema, kwa jina la binti yangu. Nina malewa, yaani kibanda cha chakula, karibu na mahali boti zinapofikia. Napika bukari, ndio ugali, sombe na samaki wa ziwani waitwao mikeke, wa kukaanga, na wasafiri hula kwangu kabla ya kupanda au baada ya kushuka. Mume wangu, Wilondja, anafanya kazi ya dhahabu kule Misisi. Huja nyumbani kwa pikipiki barabara inapokubali, na isipokubali tunaongea kwa simu.

Ugonjwa ulianza kiangazi kikielekea ukingoni. Kila alasiri mwili ulikuwa unapata joto, kisha jasho linanitoka kama niliyelala karibu na moto. Harufu ya samaki, ambayo imenilisha miaka yote, ikaanza kunitapisha. Halafu kitenge kikaanza kunibana kiunoni. Nilidhani nimenenepa, lakini nilipotazama mikono yangu nikaona mifupa ya viganja imetokeza. Nilikuwa ninakonda juu na chini, na katikati ninakua.

Wateja wakaanza kunipongeza.

"Felisitasiyo, Mama Neema," alisema mama mmoja muuza ndagala, yaani dagaa. "Mungu amekukumbuka."

Nilitabasamu tu. Miaka miwili nyuma mimba ilikuwa imenitoka, na tangu hapo nilikuwa ninangoja nyingine. Kwa hiyo pongezi zile ziliniuma mara mbili: nilijua si mimba, na nilitamani iwe.

Mama mkwe wangu hakunipongeza. Alikuja malewani mchana, akakaa kwenye benchi la wateja, akanitazama jinsi nilivyokuwa ninatembea nimeshika kiuno. Akangoja watu wapungue.

"Mutoto wangu iko Misisi tangu kiangazi inaanza," alisema. "Hii tumbo ni ya nani?"

"Mama, haiko mimba."

"Mi nimezaa. Tumbo naijua."

Kabla ya juma kwisha, maneno yakawa yamefika Misisi, kabla sijamweleza mume wangu. Simu ya Wilondja ikawa fupi, kisha ikakoma. Siku chache baadaye alifika mwenyewe, matope mpaka magotini, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Banasema mingi kule," alisema. "Mi nimekuja kusikia kwako."

Nilimshika mkono nikauweka tumboni. Wakati wa Neema alikuwa na desturi ya kulala na mkono pale, na Neema alikuwa mpigaji mateke hodari. Wilondja aliuacha mkono wake kwa muda mrefu. Akausogeza, akasikiliza kwa vidole. Kisha uso wake ukabadilika, nikaona hasira inatoka na hofu inaingia.

"Haichezi," alisema. "Ni maji."

Hapo ndipo alipomwita dada yake mkubwa, Riziki. Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya, na Yaya Riziki nilikuwa ninamwogopa tangu niolewe. Ni mjane, anashona nguo, na anasema jambo kama lilivyo. Alipoingia, mama mkwe alikuwa yumo, ameanza tena hesabu zake za miezi.

"Mama, tuache kwanza maneno," Yaya Riziki alisema. "Huyu muntu iko mugonjwa. Angalia mikono yake. Mimba gani inakula mikono?"

Yaya akanigeukia. "We, vaa. Tunaenda hospitali."

Hospitalini Baraka walinipima mimba, haikuwepo. Daktari kijana alinigonga tumbo kwa vidole kama anayepima tikiti, kisha akanichoma sindano ubavuni na maji yakaanza kushuka kwenye beseni, ya manjano, mepesi, kama chai ya maji mengi. Nilitazama beseni likijaa nikashangaa kwamba yote yale yalikuwa mimi. Usiku ule nililala chali kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Ndiyo nafuu ya kwanza ninayoikumbuka: kulala chali. Lakini baada ya siku chache maji yalirudi, na daktari yule alinieleza bila kuzunguka kwamba vyombo vyake haviwezi kumwambia yanatoka wapi. Ilibidi niende Bukavu.

Mvua zilikuwa zimeshika na barabara ya Uvira ilikuwa imekatika, kwa hiyo tulienda kwa boti. Wilondja alibaki na Neema. Yaya Riziki ndiye aliyenisindikiza. Alinitandikia magunia nikaegemea, akakaa upande wa upepo ili mawimbi yamrukie yeye. Alifika Uvira amelowa mpaka kwenye kilemba, wala hakuitaja safari ile tena. Kutoka Uvira tulipanda gari, na kila shimo la barabara nililisikia tumboni. Bukavu tulifikia kwa binamu yake, juu ya mlima, na kila kilichotakiwa kupandwa tulikipanda polepole, tukipumzika kwenye milango ya watu tusiowajua. Wengine walitutolea kiti.

Kuhusu kungojea, nisikilize wewe unayesoma. Hospitali kubwa ni mabenchi. Kuna benchi la kupimwa damu, benchi la picha, benchi la kumwona daktari, na benchi ambalo hakuna anayejua ni la nini lakini watu wanakaa. Nenda na mtu, na nenda na kitu laini cha kuegemea. Mimi nilikuwa na Yaya Riziki, ambaye alikuwa amebeba mto wake wa kushonea, ule anaoukalia akishona. Mama mmoja wa Kamanyola, aliyekuja na uvimbe shingoni, alinisuka nywele tukiwa kwenye foleni. Hakuniuliza ninaumwa nini. Alisema tu kwamba kichwa kikisukwa mtu anajisikia yupo.

Walinitoa maji mara ya pili, safari hii wakajaza chupa ndogo kadhaa kwa ajili ya laboratwari, yaani maabara. Walinipiga picha, walichukua damu. Kisha tukaitwa na daktari mpasuaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta kwenye sikio moja. Alifunga mlango, akavuta kiti akakaa upande wetu wa meza.

"Mama Mauwa, nitakuambia vile iko," alisema. "Karibu na kizazi kuko kitu kimevimba. Na damu yako inaonesha alama moja iko juu. Inaweza kuwa kansa. Inaweza pia kuwa tuberkilozi, ile banaita kifua kikuu."

"Tuberkilozi haiko ya kifua?" Yaya Riziki aliuliza.

"Kuko ya tumbo pia. Ku picha zinafanana, na ile alama ya damu inapanda kwa zote mbili. Mu maji tumetafuta kansa, hatujaiona. Tumetafuta vidudu vya tuberkilozi, navyo hatujaviona. Lakini kutokuona haiko kusema havipo. Maji yako tumeyapanda mu laboratwari, kama viko vidudu vikue, ile inachukua majuma mengi. Kama ni kansa, hatuna majuma mengi."

Niliuliza nilichokuwa ninaogopa kuuliza. "Mukinipasua, munatoa nini?"

"Kama ni kansa, natoa yote. Kizazi na mayai."

Nilikuwa nina umri wa miaka thelathini na tatu. Nilimfikiria Neema peke yake kwenye mkeka wake.

"Na kama haiko kansa?" nilisema.

"Basi nitakuwa nimekutolea bure kitu ambacho vidonge vingeponesha. Njo maana sitaki kukimbilia kisu." Akavua miwani akaipangusa. "Kuko kipimo kingine. Mwili ikipigana na tuberkilozi, inatoa protini moja, inaitwa interferoni gama. Njo inaamsha askari ba mwili, inabaambia adui iko hapa. Kwa tuberkilozi inajaa mu maji ya tumbo. Kwa kansa inakuwa kidogo tu. Laboratwari yetu inaweza kuipima. Nitakupangia siku ya kupasua, ili nafasi isipotee, lakini nataka jibu ya ile protini kwanza."

Nimewaheshimu watu wengi maishani, ila yule mzee ninamweka mahali pake. Alikuwa na kisu mkononi, na alikuwa na kila ruhusa ya kukitumia, akachagua kuyauliza maji kwanza.

Laboratwari ilikuwa mwisho wa ukumbi, na msimamizi wa kipimo hicho alikuwa laborantini, yaani fundi wa maabara, aitwaye Furaha, mwanamke mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Alitoka nje kutueleza mwenyewe.

"Kipimo chenyewe kinafanywa mu sahani moja iko na vishimo vidogo vingi," alisema. "Nikiifungua kwa muntu moja tu, vishimo vingine havikai siku mingi, vinaharibika. Tunangojea maji ya bagonjwa bengine, tupime pamoja."

Kwa hiyo tukangoja. Nilijikuta nangoja watu wengine waumwe, na nikaona aibu, nikamwomba Mungu aniwie radhi. Wakaja: mzee mmoja mwenye maji kwenye mapafu, msichana wa shule, mwanajeshi, na wengine ambao sikuona nyuso zao. Maji yao yakawekwa kwenye friji pamoja na yangu. Tumbo likavimba tena, nikatolewa maji mara ya tatu. Sasa nilikuwa nahesabu muda kwa sindano hizo.

Siku moja kabla ya kupasuliwa, sahani ikawa tayari kufunguliwa. Nilimwomba Madamu Furaha niangalie. Alifikiri, akasema kuingia siwezi, lakini dirisha la kioo la ukumbini halijakatazwa. Yaya Riziki akaniletea kiti.

Nilitarajia mashini kubwa. Niliona kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye vishimo safu kwa safu, na mwanamke aliyeinama juu yake akidondosha tone hapa, tone pale, bila kuruka hata kimoja. Alidondosha, akafunika, akangoja. Akaosha, akapigapiga sahani juu ya karatasi ikauke, akadondosha kitu kingine, akangoja tena. Baadaye alinieleza kwamba chini ya kila kishimo kumebandikwa kitu kinachoikamata protini ile peke yake na kuacha mengine yote yaoshwe. Kisha kinakuja kingine cha kuitia rangi. Penye protini nyingi panakolea rangi, pasipo na protini panabaki peupe. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba sijawahi kuona mtu anaosha kitu kidogo namna ile kwa uangalifu namna ile. Mimi naosha vyombo tangu utotoni, najua mtu anayeosha ili amalize na mtu anayeosha ili kiwe safi.

Alasiri rangi ikaja. Vishimo vingine vilibaki kama maji ya kawaida. Vingine vikawa na buluu hafifu. Viwili pembeni, vilivyokuwa karibu na dirisha, vikawa buluu kama sare ya shule. Akadondosha dawa ya mwisho na buluu yote ikageuka manjano mbele ya macho yangu. Sikujua vipi ni vyangu. Yaya Riziki alikuwa amenishika bega, nikasikia vidole vyake vinakaza.

Madamu Furaha aliiingiza sahani kwenye mashini ndogo ya kusoma, akatazama, akatoka.

"Yako ni vile viwili vya pembeni," alisema.

"Njo kusema ni tuberkilozi?" Yaya Riziki aliuliza.

"Inaonekana vile. Lakini imepita juu ya kipimo. Rangi yake imezidi ile ya mwisho tunayoijua. Siwezi kuandika namba ambayo sikupima. Nimebakisha vishimo kwa kazi ya namna hii. Kesho asubuhi nitazimua maji yako yapungue nguvu, nipime tena."

"Kesho asubuhi banamupasua."

"Najua. Nitaongea na dokta."

Asubuhi ile nilikuwa sijala wala kunywa, nimevaa gauni la hospitali lililofungwa mgongoni, nimelala kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji. Nilisikia vyuma vikigongana ndani. Daktari mzee alikuja tayari amevaa kofia ya kijani. Aliegemea ukuta karibu nami.

"Laborantini ananiomba asubuhi moja," alisema. "Nimemupatia."

"Na nafasi yangu?"

"Nafasi ni yangu. Nitapasua mwingine kwanza." Akamwita muuguzi. "Huyu mama bamupatie chai na mukate. Leo asubuhi haingii."

Chai ile ilikuwa na sukari nyingi kupita kiasi, na mkate ulikuwa wa jana. Nimekula kwenye harusi nyingi tangu nizaliwe, lakini chakula kitamu kuliko kile sikikumbuki.

Jibu lilikuja mchana. Daktari alilisoma amesimama, kisha akatufafanulia polepole. Hata baada ya kuzimuliwa, protini ile ilikuwa nyingi mno, mara nyingi kuliko mpaka wanaoutumia. Kansa haifanyi hivyo kwa kawaida.

"Sikupasue," alisema. "Tunaanza dawa. Lakini musikilize muzuri: kama maji hayapunguke, tutarudi kuongea habari ya kisu. Nangojea pia vile vidudu tulivyovipanda. Mi siyo nabii."

Yaya Riziki, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa mume wake, aligeukia dirishani akasimama pale muda mrefu, mabega yakimtikisika. Kisha akajipangusa kwa mto wake wa kushonea, akasema twende tukatafute usafiri.

Tulirudi Baraka katikati ya mvua, na vidonge kwenye mfuko wa plastiki. Nikwambie ukweli wa dawa hizo: mkojo unakuwa rangi ya chungwa, usiogope. Viungo vinauma. Asubuhi nyingine nilitapika, nikakaa chini jikoni nikasema sizimezi tena, na Neema akaniletea maji akasimama mbele yangu mpaka nikazimeza. Majuma ya kwanza tumbo halikusogea, na kila jioni Wilondja alilitazama. Alikuwa ameacha Misisi kwa muda. Alijifunza kusonga bukari ya wateja, ikawa na madonge, wakamvumilia.

Baadaye, kidogo kidogo, ncha za kitenge zikaanza kukutana tena.

Daktari alikuwa ametueleza wazi kwamba kifua changu ni kizima, siwezi kumwambukiza mtu. Lakini jina la ugonjwa lilipojulikana, wateja wakapungua. Mama muuza ndagala akawa anapita mbali. Siku ya soko, mabenchi yakiwa nusu tupu, mama mkwe wangu alikuja. Tangu niliporudi hatukuwa tumeongea zaidi ya salamu. Alikaa kwenye benchi la mbele kabisa, ambalo kila anayetoka botini lazima alione.

"Uko na chakula?" aliuliza.

"Kiko, Mama."

"Weka mu sahani yako. Ile unakulia."

Nikaweka. Akanishika mkono, akanikalisha karibu yake, akamega bukari, akachovya kwenye sombe yangu, akala. Akamega tena. Watu walikuwa wanapita na mizigo yao wakitutazama.

"Ule na we," alisema. Tukala pamoja mpaka sahani ikaisha. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ile neno nilisema juu ya tumbo yako, nilikosea." Akaosha mikono akaenda zake. Juma lililofuata mabenchi yalijaa.

Simu kutoka Bukavu iliingia mvua zikiwa bado zinanyesha. Vidudu vilikuwa vimekua. Ni tuberkilozi, daktari alisema, hakuna shaka tena. Nilipomuuliza ingekuwaje kama tungengojea jibu hilo, alisema asingengojea, angepasua.

Dawa zangu ziliisha kiangazi kikiwa kimerudi na barabara imekauka. Nilienda Bukavu kuonwa kwa mara ya mwisho, safari hii na Wilondja. Daktari mzee alinipapasa tumbo, akanituma kwenye picha, akaitazama picha kwa muda.

"Sina kazi hapa," alisema, akacheka kidogo. Nilimuuliza habari ya mtoto. Alisema kovu la ndani linaweza kuzuia, tena linaweza lisizuie, na kwamba mlango ameuacha wazi. Sijapata mimba mpaka leo. Sikudanganyi kwa hilo. Lakini kila mwezi nina haki ya kungoja.

Nilipita laboratwari kumshukuru Madamu Furaha. Alifurahi, kisha akawa kama mtu mwenye neno analolizungusha mdomoni.

"Mama Mauwa, niko na ombi," alisema. "Maji yako mengine yalibakia. Tumeyagandisha. Kila mara tunapofungua sahani, tunahitaji maji ambayo jibu yake tunaijua, ili tuone kama kipimo kimefanya kazi. Yako ni yenye nguvu na tuna hakika nayo. Unaweza kuturuhusu tuyatumie, kuanzia leo? Jina yako haitakuwa juu yake."

Maji yale nilikuwa nimeyachukia. Yalikuwa yamenitia aibu mbele ya watu, yamemleta mume wangu na hasira kutoka Misisi, yamenifikisha mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

"Muyatumie," nilisema. "Yote."

Tulipotoka, kwenye benchi la ukumbini alikuwa amekaa mwanamke mmoja, mdogo kuliko mimi, amevaa kitenge kilichofungwa chini ya tumbo kubwa. Mikono yake ilikuwa myembamba. Kando yake mwanaume alikuwa anatazama sakafu. Nilisimama.

"Leo banapima yako?" nilimuuliza.

"Leo," alisema. "Uko mufanyakazi wa hapa?"

"Hapana. Mi pia nilikaa hapa."

Nyuma ya kioo Madamu Furaha alikuwa amekwisha kuvaa glavu. Sahani ilikuwa mbele yake, nyeupe, na alianza kudondosha, safu kwa safu. Nilijua kwamba kwenye kimojawapo cha vishimo vile, si mbali na maji ya mwanamke huyu, yalikuwa yanaingia yangu. Nilimwambia Wilondja atangulie kituoni akaulize gari la jioni. Kisha nikakaa, nikamwonesha yule dada dirisha, nikamweleza rangi itakapokuja itakujaje.